Ng'ambo ya Karani

Boti ilipogeuka ubavu, Mama Rangi alikuwa bado anacheka.

Chiriku, binti wa marehemu kaka yake, ndiye aliyekaa nyuma akiongoza kwa kasia, na muda mfupi kabla alikuwa amepaza sauti, "Shangazi, inamisha kichwa! Tumefika ukweni!" Poromoko lile waliliita Mkwe, kwa sababu mwamba uliotokeza juu yake ulimlazimisha kila apitaye kuinama kwa adabu, awe bingwa au mgeni. Mama Rangi akainama, kicheko hakijamwisha. Kumbe mto ulikuwa umepanda tangu waingie majini asubuhi. Mvua ya huko milimani ilikuwa inawafikia sasa, na nafasi kati ya maji na mwamba ilibaki ya kupita kuku. Boti ya mpira ikaugonga mwamba kwa pua, ikajikunja, ikainuka upande mmoja, na kufumba na kufumbua wote watatu walikuwa majini.

Maji yalikuwa ya baridi ya kukata pumzi. Yalimbiringisha Mama Rangi, yakamgonga goti kwenye jiwe, yakamnywesha bila kumuuliza kama ana kiu. Jaketi la kuelea likamvuta juu, akapata nusu pumzi, akazama tena. Yakamjia maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa mlangoni pa banda la chama cha wapiga kasia: UKIANGUKA, LALA CHALI, MIGUU MBELE, USISIMAME. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiupaka ubao ule rangi upya kila ulipochujuka, na hata siku moja hakuwaza kwamba msomaji angekuwa yeye. Akalala chali. Akatanguliza miguu. Mto ukampeleka hivyo, mbio, kisha ukamtupa upande wa kulia, mahali ambapo maji yalikuwa yakirudi nyuma na kuzunguka kando ya jabali.

Wapiga kasia hupaita mahali kama hapo pumziko, maana ndipo wanapoegesha boti kuvuta pumzi kabla ya kushuka tena. Hili lilikuwa na jina lake, Karani, kwa kuwa lilimzungusha mtu kama ofisi yenye karani mvivu: nenda, rudi, njoo kesho. Maji yakamgeuza, uso wake ukaelekea kule mto ulikotoka, na akaliona poromoko lote likimjia usoni, mawimbi yakisukumana migongo kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Kisha kitu kikampiga begani.

"Shika! Usiniangalie mimi, Mama Rangi, shika kamba!"

Alikuwa Fundi, wa tatu wao botini. Mjini alitengeneza pikipiki, na siku za mapumziko alitengeneza boti za chama, na sasa alikuwa amesimama kwenye changarawe, damu inamchuruzika kutoka kwenye nyusi, akivuta kamba kwa mikono yote miwili. Akamburuta hadi ukingoni. Mama Rangi akatapika maji ya mto, akajikagua miguu na mikono, yote ipo, akauliza neno moja tu.

"Chiriku?"

Alikuwa amenasa kwenye jiwe mbele kidogo, amelikumbatia. Fundi akaingia majini hadi kifuani, akarusha kamba mara mbili, ya pili ikafika. Walipomtoa wakaona mguu wake wa kushoto, chini ya goti, umekaa vibaya. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Chiriku mwenyewe aliutazama mara moja, akageuza uso.

"Umevunjika," alisema. "Nimeusikia. Umelia kama kijiti."

"Nyamaza, mwanangu."

"Nikinyamaza nitalia, shangazi."

Mama Rangi akachukua kasia, moja pekee lililobaki, akaliweka kando ya mguu ule, na Fundi akalifunga kwa vitambaa alivyochana kutoka kwenye fulana yake. Chiriku aliuma ukanda wa jaketi. Walipomaliza, uso wake ulikuwa umejaa jasho, juu ya baridi yote ile.

Kisha wakahesabu walichokuwa nacho, na hesabu haikuchukua muda. Kulikuwa na vifuko viwili vya kamba, chupa ya maji iliyofika nusu, filimbi zao, na kisu cha Fundi. Boti ilikuwa imejibandika chini ya Mkwe, imechanika tumbo, na wakiwa wanaitazama mto ukaichomoa, ukaondoka nayo. Ndani yake kulikuwa na mkoba wenye simu ya upepo. Dereva wa chama alikuwa anawasubiri mwisho wa korongo, mbali sana, na kwa desturi yake hangeanza kupata wasiwasi mpaka jua lizame.

Fundi akachomeka kijiti kwenye changarawe, mahali maji yalipoishia. Walipomaliza kumfunika Chiriku kwa jaketi kavu kidogo, kijiti kilikuwa kimezungukwa na maji. Kuta za korongo zilipanda wima pande zote mbili. Changarawe waliyokaa haikuzidi ukubwa wa chumba cha kulala, na ilikuwa inapungua.

"Jua halitazama tukiwa hapa," Fundi alisema taratibu, ili Chiriku asisikie.

"Nasikia," Chiriku akasema.

*

Mama Rangi hakuwa mtu wa mto. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka, na hiyo aliifanya tangu ujana wake, kwenye chumba kimoja kilichonuka mafuta ya taa na rangi ya mafuta, brashi zake zikiwa zimelala kwenye makopo kwa mpangilio wa ukubwa. Aliyekuwa mtu wa mto ni kaka yake. Ndiye aliyeanzisha chama, enzi ambazo kofia ngumu zilikuwa zile za mafundi ujenzi na jaketi za kuelea zilishonwa nyumbani. Mama yao alipoona mwanawe mmoja kazama katika mapenzi hayo, alimwita binti yake jikoni akamwambia, "Huyo nimeshamtoa. Wewe ubaki nchi kavu. Mmoja wenu lazima abaki." Naye akabaki.

Lakini kubaki nchi kavu si kubaki mbali. Kila Jumamosi alifunga chumba chake mapema, akaenda kwenye banda la chama na makopo yake. Hakulipwa hata senti, wala hakuwahi kuomba. Alipaka kofia, kila moja rangi na alama yake, jogoo, mkasi, nusu ya papai, ili mtu akianguka kwenye povu ajulikane ni nani hata kwa mbali. Alipaka nguzo za mashindano, mistari ya kijani na nyekundu. Alishona bendera. Vijana wakamwita Mama Rangi, na jina lake lingine likasahaulika, hata kwenye kadi za mialiko ya harusi.

Na jioni, boti zilipokuwa zimetundikwa na birika linachemka, kaka yake alikaa juu ya boti iliyopinduliwa, nywele bado zinadondoka maji, akamsimulia mto. Alisimulia kwa mikono kuliko kwa mdomo. Mama Rangi alisikiliza, akichora ukutani. Ukuta mrefu wa banda lile, kutoka mlangoni hadi kwenye kabati, ukawa mto mzima: kila poromoko, kila pumziko, kila jiwe lenye jina. Watu walisafiri kutoka miji mingine kuja kuutazama. Wageni walifundishiwa pale kabla ya kugusa maji. Hakuna hata mmoja aliyejua, au aliyejua akajali, kwamba mchoraji hajawahi kuuona mto wenyewe zaidi ya pale unapopita chini ya daraja la mjini.

Siku zile zilikuwa tamu. Alizikumbuka kwa pua kwanza: gundi ya mpira, rangi mbichi, chai, nguo zilizolowa. Kaka yake alipougua na kufariki kitandani, mtu aliyeponyoka kwenye maporomoko yote yale, ukuta ulikuwa umebakiza kipande kimoja tu, kutoka Mkwe hadi poromoko linalofuata, Kinyozi. Mama Rangi alikichora baada ya mazishi, peke yake, mlango umefungwa, akifuta machozi kwa kitambaa kilekile cha kufutia brashi. Alichora alichokumbuka.

Chiriku alikua akipita mbele ya ukuta ule kila siku. Alirithi kasia la baba yake na mdomo usio wa baba yake, maana huyu aliongea asubuhi hadi jioni. Mwaka huu chama kilipata banda jipya, na lile la zamani likapangiwa kubomolewa. Ndipo Chiriku alipokuja chumbani kwa shangazi yake, akakaa juu ya kopo la rangi, akasema, "Ukuta unakufa, shangazi. Huwezi kuuzika bila kuuona mto." Bibi yake Chiriku alikuwa ameshafariki siku nyingi. Hakukuwa na mtu wa kumkataza. Mama Rangi akajaribu jaketi mbele ya kioo, akajicheka, akakubali.

*

"Ngazi," Fundi alisema. "Tutoke kwa Ngazi."

Wote watatu waliijua Ngazi. Ilikuwa ufa kwenye ukuta wa korongo, wenye vidato vya mawe, na ndiyo njia pekee ya kutoka kati ya Mkwe na Kinyozi. Kaka yake Mama Rangi aliwahi kutokea hapo mwaka kasia lake lilipovunjika. Tangu hapo hakuna aliyeitumia, kwa sababu boti zilikuwa bora zaidi na watu walipita Karani bila kusimama. Lakini kila mgeni alikaririshwa: ukikwama chini ya Mkwe, Ngazi ipo upande wa kulia.

"Na sisi tupo kulia," Chiriku alisema, meno yakigongana. "Angalau hilo tumebahatika."

Fundi akaenda. Aliambaa na ukuta, akipapasa, maji yakimfika mapajani, kwenda juu hadi chini ya Mkwe na kurudi chini hadi pale ambapo mwamba ulizama wima majini na ngurumo ya Kinyozi ikaanza kusikika. Aliporudi alitikisa kichwa. Ukuta ulikuwa laini kama sahani.

"Labda umeporomoka," alisema. "Miaka imepita."

"Tazama vizuri, kaka," Chiriku akamwambia. "Ukuta wa banda unasema kulia. Mimi mwenyewe nafundisha kulia."

Mama Rangi alikuwa amekaa, kichwa cha Chiriku mapajani mwake, macho yake yakiyafuata maji ya Karani yanavyozunguka na kurudi. Kijiti cha Fundi kilikuwa kimezama. Alikuwa anafikiria ng'ombe. Waliofunguliwa zizini, wakisukumana migongo. Neno hilo hakulitunga yeye, lilikuwa la kaka yake. Jioni moja, kikombe mkononi, alisema, "Nikakaa zangu pale Karani nikayatazama maji, yananijia usoni kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Halafu nikaangalia mkono wangu wa kulia, nikauona ufa."

Yananijia. Usoni.

Miaka yote alijua wapiga kasia wanapohesabu mto, kulia ni kulia kwa mtu anayetazama maji yanakokwenda. Ndivyo alivyochora ukuta mzima, na ndivyo kaka yake alivyomsahihisha kila alipokosea. Lakini boti ikiingia pumziko, maji yanaigeuza pua, na mtu anakaa akitazama alikotoka. Leo yamemgeuza yeye vilevile. Kaka yake siku ile hakuwa anahesabu mto, alikuwa anapiga hadithi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ng'ambo. Angalikuwa hai siku kipande kile kinachorwa, angeupiga ukuta kofi na kusema, we mwanamke, umegeuza! Lakini alikuwa ardhini siku ile, na aliyeshika brashi hakuwa anaona vizuri kwa machozi.

"Fundi," alisema. "Ngazi ipo ng'ambo."

Akawaeleza. Fundi alisikiliza akitazama ukuta wa pili, ambako hakukuonekana ufa wowote, ila mtini wa porini umejishika kwenye mwamba karibu na maji, majani tele.

"Una uhakika, Mama Rangi?"

"Sina."

"Maana tukiondoka hapa hatuwezi kurudi hapa. Na tukikosa hapo," akaonyesha kwa kidevu kule chini, "ni Kinyozi. Na huyu hana mguu."

"Najua. Ukuta nimeuchora mimi, na mto nimeuona leo. Lakini yule mtu nilimsikiliza maisha yangu yote. Alikaa hapa, akatazama kule juu. Nina hakika na hilo tu."

Fundi akamtazama Chiriku. Maji yalikuwa yameanza kuulamba mguu uliofungwa.

"Mimi namfuata shangazi," Chiriku alisema. "Hata hivyo sina pa kwenda kwingine."

*

Waliunganisha kamba mbili. Fundi akajifunga ncha moja mgongoni mwa jaketi, akampa Mama Rangi nyingine, akamwonyesha namna ya kukaa nyuma ya jiwe na kukaza miguu. Kisha akapanda hadi mwisho wa changarawe, karibu na Mkwe kadiri alivyothubutu, akajirusha.

Alipiga maji kwa nguvu zote, mshazari, kichwa kinaonekana na kupotea. Alifika katikati. Mkondo ukamkamata, ukaanza kumvuta kuelekea Kinyozi, na Mama Rangi akaikaza kamba kwa nguvu zake zote. Hapo hapo Fundi akageuka kama mbuzi aliyefikia mwisho wa kamba yake, akarudishwa ukingo uleule aliotoka, akagota kwenye mwamba.

Alirudi akikohoa. "Usinivute! Ukinishika unanirudisha. Niachie kamba ikimbie."

"Nikikuachia na ukachukuliwa?"

"Basi nitakuwa nimechukuliwa. Lakini ukinishika sifiki."

Mara ya pili Mama Rangi alikaa nyuma ya jiwe lilelile, na kilichokaribia kumtoa roho ni kutokaza mikono. Kamba ilikimbia viganjani ikimchuna ngozi. Kila kiungo chake kilitaka kufunga. Alimkumbuka mama yake, jikoni, akisema mmoja lazima abaki, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma badala ya kumlaumu, maana alielewa mikono ya mama huyo ilikuwa inauma namna gani. Akaacha kamba ikimbie. Fundi akapita katikati, akapotea nyuma ya wimbi, kisha mkono ukatokea ng'ambo, ukashika mzizi wa mtini.

Sasa ilikuwa zamu yao. Changarawe ilishakwisha, walikuwa wamesimama majini, Chiriku amemwegemea kwa mguu mmoja. Mama Rangi akafunga ncha ya kamba mgongoni mwa jaketi la binti, akapitisha mikono yake kwenye mabega ya jaketi hilo kutoka nyuma.

"Shangazi, wewe huwezi kuogelea."

"Nani kasema tunaogelea? Tunabebwa."

"Unaogopa?"

"Usiniulize maswali ya kijinga. Vuta pumzi."

Wakajiachia. Mto ukawabeba kama ulivyowabeba mwanzo, hakuna cha salia Mtume, lakini safari hii kamba ilikaza na kuwachora mduara kuelekea ng'ambo. Mguu wa Chiriku ukagonga kitu chini ya maji na akapiga ukelele ambao Mama Rangi angeendelea kuusikia ndotoni kwa muda mrefu. Ngurumo ya Kinyozi ikakua, ikaziba kila sauti nyingine. Aliona ukingo wa maji pale yanapokatika na kushuka, na povu linaloruka zaidi ya hapo, akalaza kichwa chake kwenye shingo ya binti, akamshika. Mwamba ukamgonga ubavuni. Mkono wa Fundi ukamshika kola.

Walilala juu ya kijukwaa cha mwamba, watatu, wakihema. Kilikuwa chembamba kuliko kitanda. Hapakuwa na ufa. Palikuwa na mwamba, na mtini, na maji yaleyale yanapanda.

Fundi akainuka, akashika tawi, akapenya ndani ya majani. Akapotea. Mama Rangi alisubiri. Chiriku alikuwa amefumba macho. Kisha kutoka ndani ya mti ikasikika sauti ya mtu mzima anacheka peke yake.

"Ipo," Fundi alisema, na sauti yake ikakatika katikati. "Ngazi ipo. Mti umeota mlangoni."

*

Kupanda kulichukua mchana wote uliobaki. Fundi alimbeba Chiriku mgongoni, amemfunga kwa kamba kama mtoto, na Mama Rangi akawa nyuma yao akisukuma kwa kichwa, kwa mabega, kwa chochote. Vidato vilikuwa vya kuwasaidia watu wenye miguu miwili na mikono mitupu. Mahali fulani ufa ulibanana hadi ikabidi Fundi aende kwa ubavu, mahali pengine udongo uliteremka ukawajaa machoni. Waligawana maji ya chupa kwa vifuniko. Kila walipopumzika, Mama Rangi alimtazama binti usoni, na kilichomtia hofu kuliko urefu wa ukuta ni kwamba Chiriku alikuwa amenyamaza.

"Sema neno, mwanangu."

"Neno," Chiriku alinong'ona.

"La pili."

"Fundi ananuka."

"Shukuru nanuka," Fundi akasema, akihema. "Maiti wa majini hawanuki hivi mapema."

Walicheka, kicheko kidogo chenye maumivu. Mama Rangi akaangalia chini mara moja, na hakurudia. Mto ulikuwa mbali, mweupe, na Karani ilikuwa imemezwa kabisa, jabali na changarawe na vyote. Akapata picha ya kaka yake akipanda hapa peke yake, kasia lililovunjika likiwa mkononi, hakuna wa kumsukuma, hakuna anayejua alipo. Alivyoisimulia pale bandani ilikuwa hadithi ya kuchekesha, jinsi alivyotokea juu amejaa matope mwanamke mkulima akamkimbia. Watu walishika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka hadi akamwaga rangi ya bluu. Sasa, vidole vikitoka damu kwenye kidato kilekile, aliona kwamba sehemu kubwa ya hadithi aliibakiza huku. Alimkasirikia. Alimkumbuka kwa uchungu ambao hakuwa ameuhisi tangu mazishi, na alilia huku anapanda, bila kusimama, akisukuma.

Walitokea juu kwenye shamba. Jua lilikuwa bado lipo, la manjano, limelala juu ya matuta. Hawakuwa na nguvu ya kupiga kelele, wakapuliza filimbi wakiwa wamelala kifudifudi, kila mmoja kwa pumzi yake, mpaka trekta iliyokuwa inalima mbali ikazimwa. Dereva wake, mama mwenye kofia ya majani, alikuja mbio akiwa amekamata spana, akidhani ni wezi. Alipouona mguu, akaitupa spana chini.

"Mmetoka wapi nyie?"

Fundi akaonyesha korongo kwa kidole. Yule mama akatazama kule, akawatazama wao, akaenda kuileta trekta.

Walimlaza Chiriku kwenye tela la trekta juu ya magunia matupu, Mama Rangi akakaa naye, kichwa mapajani. Fundi alipanda mbele akaazima simu ya yule mama, akampigia dereva wa chama, na kwa jinsi alivyoiweka simu mbali na sikio ilikuwa wazi dereva anapiga kelele. Barabara ya hospitali ilikuwa ya vumbi mwanzo hadi mwisho. Tela liliruka kila shimo, na kila shimo Chiriku alikaza taya. Kisha macho yake yakaanza kufumba.

"Usilale, mama. Bado kidogo."

"Silali, nimechoka tu. Nisimulie kitu."

"Nikusimulie nini?"

"Mto."

Mama Rangi alitaka kusema kwamba hiyo haikuwa kazi yake, kwamba yeye alikuwa msikilizaji, wengine ndio walioenda na kurudi na maneno. Lakini kaka yake hakuwepo tena. Aliyekuwepo ni binti yake, mwenye uso wa majivu, anayesubiri, na aliyewahi kuketi Karani akayatazama maji yakija sasa alikuwa yeye. Fundi alikuwa amegeuka kutoka kule mbele, anasikiliza. Hata yule mama wa trekta alipunguza moto.

Akafikiria aanzie wapi. Kulikuwa na utani wa kuinama ukweni, ungefaa kuwachekesha. Kulikuwa na Fundi kugeuzwa kama mbuzi. Angeweza kuipamba, wangecheka hadi hospitali, na ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia bandani miaka na miaka.

Akauvuta mkono wa Chiriku, akauweka kifuani pake, mahali moyo ulikuwa bado unadunda kwa nguvu.

"Niliogopa," alisema. "Tangu dakika ya kwanza. Sikiliza, nikwambie nilivyoogopa."